Mzee Kilo, Mkaguzi wa Mizani Aliyeiomba Dunia Kura Moja Moja

Wapendwa, haya ni maisha ya baba yetu kwa ufupi, ingawa ufupi haukuwa tabia yake. Yameandikwa na binti yake wa pili, yule muuguzi. Marehemu hakupenda mtu asimame mbele za watu na kuanza mimi, mimi, kwa hiyo humu mwandishi ataitwa binti yake wa pili tu, na yeye ataitwa jina alilopewa na mji mzima: Mzee Kilo.

Mzee Kilo alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la nafaka, wa kwanza kati ya watoto wawili. Baba yake alikuwa mwashi na mama yake alishona nguo za watoto. Alipokuwa na miaka saba alitumwa dukani kuleta kilo ya sukari. Aliporudi, mama yake aliinyanyua ile pakiti, akaipima kwa kiganja, kisha akamrudisha amwambie mwenye duka apime upya. Mwenye duka alimcheka, akapima upya, na sukari ikawa pungufu kweli. Marehemu alisimulia kisa hiki mara nyingi kupita kiasi, na kila mara alimalizia kwa kusema kilichomuuma si ile sukari, ni kile kicheko.

Alianza shule mwaka 1957 na kumaliza masomo ya sekondari mwaka 1968. Hesabu ilikuwa mkononi mwake. Mwandiko ulimshinda mpaka mwisho, kama wanavyojua wote waliowahi kupokea barua zake. Darasa la tano alinyoosha mkono akamwambia mwalimu kwamba rula ya mita inayotumika ubaoni si mita, maana ncha yake imelika. Alitolewa nje. Kesho yake mwalimu alikuja na rula mpya, akamkalisha dawati la mbele. Marehemu alimheshimu mwalimu yule maisha yake yote.

Tarehe 3 Februari 1971 aliajiriwa katika ofisi ya vipimo na mizani, akaitumikia kwa miaka thelathini na tatu. Alizunguka kwa baiskeli, na nyuma amefunga kasha la mbao lenye mawe ya mizani kumi na mawili ya shaba, kila moja kwenye shimo lake lililotandikwa kitambaa. Hakuyashika kwa mkono mtupu hata siku moja, kwa sababu mafuta ya vidole huongeza uzito. Nyumbani watoto waliruhusiwa kugusa redio, saa, hata miwani yake, lakini si yale mawe. Wenye maduka walipoiona baiskeli ikikata kona walipashana habari, "Kilo huyo anakuja!" na jina likaganda. Kulikuwa na muuza nyama mmoja aliyezoea kuegemeza kidole kwenye sahani ya mizani. Marehemu hakumfokea. Alisubiri wateja wajae, akamwuliza kwa upole, "Ndugu yangu, na hicho kidole nacho unakiuza?" Watu walicheka, na huyo muuza nyama amekuwa rafiki yake tangu siku hiyo, yuko hapa leo, mstari wa pili.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 21 Desemba 1974. Wiki moja kabla ya harusi alikagua duka la kaka wa bibi harusi, akakuta mizani haiko sawa, akaifunga kwa lakiri kama alivyofunga za wengine. Wazee walikuja kumsihi aangalie udugu. Akasema udugu ataanza kuuangalia Jumamosi ijayo. Mama yetu hulielezea hivi: "Kaka yangu alinuna wiki nzima, na mimi nikasema basi, huyu ndiye." Walijaliwa watoto watatu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi wenu mlimjulia. Mwaka 1983 alipelekwa kwenye semina ya wakaguzi kutoka nchi mbalimbali. Huko alijifunza jinsi mataifa yaliyokuwa yakigombana kwa kila kitu yalivyokaa na kukubaliana kwamba kilo itakuwa moja kwa wote, tajiri na maskini. Alirudi nyumbani hasemi kingine. Kama wameweza kukubaliana juu ya kilo, aliuliza, kwa nini mtu mmoja asihesabiwe mmoja popote alipo? Tarehe 9 Agosti 1987 alipokea barua kutoka kwa mkaguzi mwenzake aliyekutana naye kwenye ile semina. Ilieleza kuhusu kikundi kidogo cha watu wa kujitolea, waliotawanyika katika nchi nyingi, walioanza kuwauliza watu wa dunia swali moja: unakubali liundwe bunge la dunia, litakalochaguliwa na watu wa dunia wenyewe? Hawakutaka kuomba serikali ruhusa. Walitaka kwanza wawe na kura za watu wenyewe, nyingi kiasi kwamba hakuna atakayeweza kujifanya hajazisikia.

Ofisi ilipopata mawe mapya, lile kasha la zamani alipewa yeye. Alilitoa vitambaa, akatoboa mwanya kwenye kifuniko, akaanza. Kanuni za kikundi zilikuwa tatu. Mtu huulizwa mara moja tu, na kura ikiingia haibadilishwi. Anayesema Hapana habishiwi, anashukuriwa sawa na anayesema Ndiyo. Na anayebeba kasha hapigi kura muda wote anaolibeba. Kila Januari lilifunguliwa mbele ya majirani wawili, kura zikahesabiwa na kutumwa.

Kwa miaka thelathini na saba alilipeleka kwenye foleni za hospitali, viwandani saa za kubadilishana zamu, kwenye kituo cha mabasi na kwa vinyozi. Kinyozi wake alimwambia siku moja, huku ameshika wembe, "Mzee Kilo, hili bunge tulilonalo halijatuchosha, na wewe unatuletea la dunia?"

"Ndiyo maana," akajibu marehemu. "Vita, bahari, hewa hii unayovuta, hivyo vyote vinaamuliwa mbali kabisa. Hao wanaoamua huko, wewe ulimchagua nani?"

"Mimi? Hata fundi wa bomba la hapa sikumchagua, na bado linavuja."

"Basi shika karatasi."

Kinyozi aliandika Hapana. Akashukuriwa, na kichwa kikamalizwa kunyolewa. Wapo waliomwona marehemu amerukwa na akili, na wengine walimkwepa njiani. Mama yetu yeye alipiga kura siku ile ya kwanza kabisa, na mpaka leo hajamwambia mtu aliandika nini.

Binti yake wa pili naye alipiga kura, na hapa hana budi kusema ukweli, kwa kuwa baba yake alipenda mizani isomwe ilivyo. Ijumaa, tarehe 27 Novemba 1998, alihitimu uuguzi. Baba aliahidi kuja. Lakini asubuhi hiyo madereva wa mabasi waligoma, kituo kikajaa mamia ya wasafiri wasio na pa kwenda, naye akapitia hapo "mara moja tu" na kasha lake. Alifika chuoni sherehe imekwisha, watu wakikusanya viti. Binti hakulia. Jioni, mezani, alisema, "Baba, nipe karatasi." Akaandika HAPANA mbele ya macho yake, akakandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Mzee Kilo aliichukua, akaitia kwenye mwanya, akasema kama alivyowaambia wote, "Asante kwa kupiga kura." Binti angefurahi zaidi kama angegombezwa. Ile asante ilimkaa moyoni miaka mingi.

Kisha ukaja mwaka wa ule ugonjwa uliofunga mipaka. Binti alikuwa wodini, dawa ziko upande mmoja wa dunia na wagonjwa wake upande mwingine, na waliokuwa wakiamua nani atangulie kupata hawakuwa wamechaguliwa na mgonjwa hata mmoja kati ya wale aliowafunika shuka. Alipopata likizo alikwenda moja kwa moja kwa wazazi wake.

"Baba, nataka kubadilisha kura yangu."

"Haiwezekani, mwanangu. Niliituma."

"Lakini mimi nimebadilika!"

"Nimeona. Kura yenyewe haijabadilika."

Binti aliondoka amekasirika mara ya pili kwa kura ile ile.

Mwezi Oktoba 2023 marehemu alianza kuvimba miguu, na madaktari wakasema moyo umechoka. Alilazwa mara tatu. Aliwauliza wauguzi mizani ya wodini ilikaguliwa lini, akaambiwa apumzike. Jumapili, tarehe 19 Mei 2024, akiwa amerudi nyumbani, alimwita binti yake wa pili akae kando ya kitanda na kusema jambo ambalo lilikuwa limengoja miaka ishirini na tano.

"Siku ile nilikosea. Pale kituoni nilipata kura mia tatu na kumi na moja, nikampoteza mwanangu. Nisamehe."

Binti alisema ameshasamehe, na alikuwa akilia. Akauliza, kama ni hivyo, kwa nini basi alikataa kumbadilishia ile kura.

"Hapana yako ilikuwa ya haki," akasema. "Ningeanza kuziondoa kura za wanaonikasirikia, ningekuwa na tofauti gani na yule wa kidole kwenye sahani?" Akaongeza, "Kasha nakuachia wewe. Aliyewahi kusema Hapana hatamsonga mtu."

Binti alilipokea. Na kwa kuwa sasa baba yake hakuwa tena mbebaji, alimpa karatasi, kama kanuni zinavyoruhusu. Mzee Kilo, aliyekuwa amewauliza watu elfu ishirini na tatu, mia nne na kumi na sita, alishika kalamu akapiga kura kwa mara ya kwanza. Aliifunika karatasi kwa kiganja kama mtoto kwenye mtihani. "Msichungulie," akasema. Mama akaguna, "Karibu miaka hamsini namlisha, leo ananificha karatasi." Yeye akaikunja mara nne na kuitia kwa mkono wake mwenyewe. Siku hiyo alicheka sana.

Mzee Kilo alifariki Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitano. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi wenzangu (marehemu atasamehe hilo moja), majirani, na wakaguzi wote walioleta baiskeli yake ikiwa imesafishwa.

Ameacha mke, watoto watatu, wa kwanza fundi umeme, wa pili muuguzi, na kitinda mimba ambaye ni mwalimu, wajukuu saba, mdogo wake, mwashi kama baba yao, na shemeji yake mwenye duka, ambaye mizani yake siku hizi haina neno.

Bunge alilolitaka hakuliona. Alijua huenda asilione, na jambo hilo lilimhuzunisha, tusidanganyane. Lile kasha halipo hapa leo. Hakuwahi kuomba kura msibani, kwa sababu alisema mfiwa hana nguvu ya kukataa, na kura ya mtu asiyeweza kukataa si kura. Liko nyumbani, mezani, na kura yake imo ndani pamoja na za wengine. Januari binti yake wa pili atalifungua mbele ya majirani wawili. Mwandiko ule mbaya ataujua. Lakini ataihesabu moja, kama ya kinyozi, kama ile ya msichana aliyetoboa karatasi.

Apumzike sasa Mzee Kilo, na amani aliyowatafutia wengine imfikie na yeye, kwa kipimo kilichojaa.