Fundi Anselme Cirhuza na Magari Yasiyo na Moshi (1968–2025)

Anselme Cirhuza, anayesindikizwa leo na watu wa Bugolobi na wa Katwe hapa Kampala, na wa Bukavu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Walungu, Kivu Kusini, mtoto wa nne wa Mzee Déogratias Cirhuza, mkulima wa kahawa, na Mama Nabintu. Kijijini kwao kulikuwa na gari moja tu, lori la misheni. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba akimtuma maji alichelewa kurudi, na wakimfuata wanamkuta amelala chini ya lile lori, ndoo pembeni, anatazama tumbo la gari. Hachezi wala hagusi kitu. Anatazama tu.

Alisoma shule ya msingi Walungu, kisha mwaka 1983 akapelekwa shule ya ufundi ya wamisionari mjini Bukavu, akahitimu umakanika mwaka 1988. Siku moja alipewa adhabu ya kufungua giaboksi na kuifunga tena kabla ya chakula cha mchana. Alipomaliza, akaifungua mara ya pili kwa kupenda mwenyewe, chakula kikampita. Aliulizwa sababu akajibu kwamba mara ya kwanza alikuwa na haraka, hakuona vizuri.

Mwaka 1998, Anselme akiwa fundi wa gereji mjini humo, alikuja kwake binti mmoja fundi cherehani, Perpétue Furaha, na cherehani iliyokwama. Anselme akaitengeneza bila malipo, ikashona vizuri, ila ikabaki skrubu moja mezani. Perpétue akaishika akauliza, "Na hii?" Naye akasema, "Hiyo ni ya kukufanya urudi kesho." Akarudi. Walifunga ndoa tarehe 7 Agosti 1999 kanisani Kadutu, humo humo Bukavu, wakajaliwa watoto watatu, Trésor, Benedicte na Estelle. Toka hapo akawa Papa Trésor, naye Perpétue akawa Mama Trésor, na hawakuitana tena kwa majina mengine.

Juni 2004 vita viliingia Bukavu. Walitoka na watoto wawili, Estelle akiwa bado hajazaliwa, na sanduku moja la spana, wakavuka mpaka, wakafika Kampala wakiwa wanajua mtu mmoja tu. Walipewa kadi za ukimbizi, wakafunguliwa faili la kwenda kuishi nchi ya mbali. Kila mwaka walipouliza waliambiwa faili liko njiani. Miaka ishirini na moja faili hilo lilikuwa njiani. Nyuma hakurudika, mbele hakukufunguka, na Fundi Anselme alikuwa akisema kwamba ni kama gari lililowekwa gia mbili kwa pamoja, linatetemeka tu pale pale.

Kwa miaka kumi na minne alifanya kazi katika gereji moja Katwe, ndani ya shimo la kuingia chini ya magari, chini ya paa la mabati, injini zikinguruma juu ya kichwa chake. Novemba 2019 kikohozi kilikataa kupona. Daktari akamwonyesha picha ya mapafu yake, yenye makovu kama kitambaa kilichounguzwa na pasi, akamwambia aachane na moshi wa magari akitaka kuona wajukuu. Alirudi nyumbani. Siku ya tatu, wakati wa chai, alisema, "Kazi nyingine siijui, Mama Trésor. Basi ni moshi ndio uhame."

Ndivyo ilivyoanza karakana ya Bugolobi. Wengi waliofika pale walidhani ilianza kwa ajili ya kuokoa dunia. Ilianza kwa sababu fundi mmoja alikuwa hawezi kupumua na hakutaka kuacha magari.

Alipanga nyumba yenye ua mkubwa upande wa viwandani, na Julai 2021 akaanza kufundisha vijana kutoa injini ya petroli na kuweka mota ya umeme mahali pake. Mota ya kwanza aliitoa kwenye foroklifti, lile gari la kunyanyulia mizigo ghalani, iliyokuwa imetupwa nyuma ya kiwanda. Betri zilikuwa zile zilizochoka za pikipiki za umeme, wakizipima moja moja, nzima huku, mbovu kule. Daftari halikuruhusiwa karibu na gari. Kila mwanafunzi alifungua kwa mikono yake, na anayegusa nyaya za umeme mkubwa alitakiwa mkono mmoja uwe umevaa glavu ya mpira na mwingine uwe mfukoni, ili umeme ukimshika usipate njia ya kupita moyoni. Ukifika pale uani ungekuta vijana sita wanafanya kazi, kila mmoja na mkono mmoja mfukoni, kama watu waliokuja kutembea.

Gari la kwanza, Starlet nyeupe, lilitoka tarehe 12 Machi 2022. Wote walishangilia kwamba limewaka, ingawa kusema kweli halikuwaka, liliondoka tu, kimya. Kwenye mteremko Fundi Anselme akakanyaga breki, zikawa ngumu kama anakanyaga ukuta. Kumbe injini ya petroli ndiyo iliyokuwa ikivuta hewa ya kulainisha breki, nao walikuwa wameitoa wakasahau kazi yake ile ya pili. Starlet ilisimama ndani ya magunia ya makaa mbele ya duka la Mubarak. Mubarak alitoka, akatazama, akasema, "Fundi, kama ni makaa si ungepiga simu." Wiki iliyofuata walifunga pampu ndogo ya hewa, na tangu siku hiyo somo la kwanza kwa kila mwanafunzi mpya lilikuwa breki. Trafiki nao walikuwa wakilisimamisha wakitaka kufunguliwa boneti. Mmoja aliinama kusikiliza, akauliza, "Mzee, hii gari imekufa ama iko hai?"

Hadi katikati ya mwaka 2024 karakana ilikuwa imegeuza magari manne na kufundisha vijana kumi na tisa.

Agosti 2024 mapafu yalichoka. Alilazwa siku kumi na moja, akarudishwa nyumbani na mashine ya kuchuja hewa ya oksijeni, yenye mrija wa kuingia puani. Bila mashine hakuweza kukaa hata dakika kumi. Mrija ulikuwa wa mita saba, ulimfikisha kwenye kizingiti cha mlango wa mbele na hapo ukakaza. Akawa anafundisha kutoka kizingitini, ameketi kwenye kiti cha plastiki, wanafunzi wakimletea kila kitu akione. Muuguzi alikubali mrija uongezwe mpaka mita kumi na tano, si zaidi. Kutoka mashine mpaka geti palikuwa na mita kumi na saba na nusu. Zilipimwa kwa futi kamba, zaidi ya mara moja, kama vile zingepungua.

Alichotaka kilikuwa kitu kimoja, na kila mtu pale nyumbani alikijua: kuvuka geti.

Umeme ulipokatika, mashine ilichomekwa kwenye betri za Starlet. Gari likawa linampa pumzi, na kwa hiyo halikuweza kwenda mbali. Tarehe 21 Januari 2025, mchana, wanafunzi walilipeleka Nakasero, katikati ya jiji, kulionyesha kwa mteja. Hawajarudi, umeme ukakatika. Mama Perpétue akafungua mtungi mdogo wa oksijeni ya akiba, akapiga simu, wakajibu kwamba wamekwama kwenye foleni, mbele magari, nyuma magari. Mshale wa mtungi ukashuka. Walifika baada ya dakika hamsini, mshale ukiwa kwenye nyekundu na midomo ya Fundi Anselme ina rangi ya majivu. Mama Perpétue hakumgombeza mtu. Alichukua ufunguo wa gari akaufunga kwenye pindo la kitenge chake.

Baada ya hapo Starlet haikutoka tena. Wanafunzi waliipandisha juu ya jeki, Mama Perpétue akawaazima ufunguo, wakakanyaga, matairi yakazunguka hewani kwa kasi ya kufika Jinja, gari likiwa pale pale. Fundi Anselme aliyatazama matairi hayo kwa miezi mitatu.

Siku ya Pasaka, tarehe 20 Aprili, Trésor na mwanafunzi mkubwa wa baba yake, Ayot, dada aliyetoka mji wa Lira na zamani akiuza vipuri, walifunga mashine kwenye kiti cha nyuma, wakaiunganisha na betri za gari. Mama Perpétue alikuwa amekataa mara nne, ya tano akakubali, akatoa ufunguo kwa safari hiyo tu, akaketi nyuma akiishika mashine kama mtoto. Fundi Anselme alivaa shati jeupe na viatu, kamba hazikufungwa kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Ayot akafungua geti. Trésor akaliendesha gari taratibu, pua yake ikavuka mstari wa geti. Hapo mzee akashika breki ya mkono akaivuta.

"Fungeni geti."

Trésor akamwambia, "Papa, mashine iko inafanya kazi vizuri."

"Najua inafanya. Mimi ndiye sifanyi. Rudisha nyuma."

Baadaye alimweleza mkewe kwamba alipoiona barabara ndefu, wazi, pumzi ilimwishia ingawa mrija ulikuwa unatoa. Moyoni alikuwa amerudi Januari, kwenye dakika zile hamsini. Aliogopa. Katika wasifu wa watu neno hilo huwa halisemwi, lakini yeye mwenyewe alilisema mbele ya wote, na aliagiza lisifichwe.

Kesho yake asubuhi aliwaita wanafunzi kizingitini. Aliwaambia kwamba mgonjwa ni yeye, gari halijaugua, na si haki kulilaza naye. Kazi iliyofuata haikuwa gari. Ilikuwa boksi la betri la kukaa chini ya kitanda chake, ili Starlet iachiliwe. Walilitengeneza kwa wiki sita. Alipima kila kiungo, mrija ukimfuata sakafuni, akalikataa mara mbili. Mara ya kwanza nati moja ilikuwa haijakazwa. Mara ya pili Ayot alikuwa amepanga nyaya vizuri sana, zikipendeza, lakini nyembamba.

"Hii itashika moto," mzee akasema.

"Lakini Mzee, kwenye mtihani wetu ulipitisha waya kama hii."

"Ayot, hii si ya mtihani. Hii ni pumzi yangu."

Ayot akafungua yote upya. Boksi lilipokamilika liliendesha mashine saa tisa mfululizo bila kuishiwa nguvu wala kupata moto. Mama Perpétue alikaa nalo saa zote tisa. Kisha akafungua pindo la kitenge, akaweka ufunguo mkononi mwa Ayot, akaenda jikoni.

Jumamosi tarehe 5 Julai Starlet ilitoka. Fundi Anselme aliketi mwisho wa mrija akaiangalia ikivuka geti. Na hapo likatokea jambo ambalo hakuna mtu aliyelifikiria. Gari la petroli likiondoka unalisikia, linabadilisha gia, linapanda, unajua limefika wapi. Hili halikuwa na sauti. Lilivuka geti likapotea. Aliomba redio izimwe, akasikiliza, hakupata kitu.

"Wamefika wapi, Mama Trésor?"

"Nitajuaje? Si wewe uliyelinyamazisha?"

Alicheka mpaka mrija ukamtoka puani, na Mama Perpétue akaurudisha huku na yeye anacheka. Lakini jioni alitoa agizo: kutoka getini mpaka barabara kubwa kuna kona nne, na kwenye kila kona wapige honi mara moja. Wakafanya hivyo. Mara ya pili walipotoka, alinyanyua kidole kila honi iliposikika, kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, kisha akalala vizuri kama mtu aliyetoka safari.

Jumamosi tarehe 19 Julai 2025 umeme ulikuwa umekatika tangu saa mbili asubuhi. Boksi lilikuwa likifanya kazi. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakuwa amelala, na hakuweza kuinuka, kwa hiyo kitanda kilisogezwa dirishani. Trésor alitaka kubaki. Baba yake akamwambia kwa mkono aende. Starlet ikatoka saa nne na nusu, Trésor kwenye usukani na Ayot pembeni.

Honi ya kwanza ikalia, akanyanyua kidole kimoja juu ya blanketi. Ya pili ikalia, akanyanyua cha pili. Ya tatu ilikuwa mbali kidogo, lakini aliisikia, vidole vikawa vitatu. Ya nne ilisikika vizuri, upepo ulikuwa ukija upande wa nyumba. Mama Perpétue aliisikia, akautazama mkono. Vidole vilikuwa vitatu, na kifua hakikupanda tena.

Mashine iliendelea kuunguruma. Mama Perpétue ndiye aliyeizima.

Fundi Anselme Cirhuza ameacha mjane, Perpétue Furaha; watoto watatu: Trésor, Benedicte na Estelle; dada yake mkubwa huko Walungu, ambaye hakuweza kuvuka mpaka kuja kumzika; wanafunzi kumi na tisa, na mafundi wenzake wa Katwe.

Alale salama mikononi mwa Bwana, na huko apumue bila taabu.