Mzee Kimya na Bobini ya Cherehani

Salamu kwanza. Namsalimu wifi yangu, mke wa Mzee Kimya, mwenye lile hotipoti la bluu ambalo sote hapa gereji tumekula ndani yake bila kualikwa. Namsalimu binti yao mkubwa, nesi, pamoja na mumewe. Namsalimu kaka mtu anayeendesha lori, pole na safari mwanangu, punguza mwendo. Namsalimu kitinda mimba aliye kwenye mitihani, ule kwanza ndipo usome. Nawasalimu wajukuu pacha, na bibi mkwe, goti linaendeleaje? Sisi huku wazima: Bosi, karani, mpiga rangi, fundi umeme, na mimi mshona viti mnayeniita Mama Viti. Wanangu watatu nao wanawasalimu sana.

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mzee Kimya anastaafu baada ya miaka ishirini na minane ya kufunga spika za magari katika gereji yetu. Alianza enzi za redio za kaseti, anamaliza enzi za redio zenye kioo kama televisheni. Wasifu huu alikuwa auandike karani, akaleta mistari minne, yote tarehe. Nikasema nipeni mimi. Shule sikufika mbali, lakini nimekaa hatua sita kutoka kwenye meza ya huyu mzee kwa miaka kumi na mmoja.

Jina la Mzee Kimya tulimpa sisi. Si kwamba hasemi, anasema sana, hasa habari za wajukuu. Ni kwamba akishafunga spika mpya anainua kidole kimoja juu, na gereji nzima inanyamaza. Kompresa inazimwa, cherehani yangu inasimama, hata Bosi anakata simu. Hapo anapiga sauti nene kwenye redio, anaipandisha polepole, huku kiganja chake kikitembea juu ya mlango kama daktari anayepapasa tumbo la mtoto. Akibonyeza mahali mlio wa kukoroma ukakatika, basi amempata mgonjwa. Mara skrubu imelegea, mara waya unagonga chuma, mara spika imekaa bila sponji chini yake. Na mlio ukipanda kila mara dereva akikanyaga mafuta, haigusi spika kabisa. Anaufuata ule waya mweusi wa redio uliofungwa kwenye bodi ya gari, anakwangua rangi hadi chuma king'ae, anaufunga upya. Kimya.

Mwalimu mmoja wa udereva alikuja anafoka, eti kauziwa spika mbovu zinakoroma. Mzee akakaa kiti cha nyuma, akasikiliza, akaomba gari lizimwe na ufunguo utolewe. Ufunguo ulitoka na wenzake kumi na sita kwenye pete moja, ndio waliokuwa wakigongana na kukoroma. Mzee akamuuliza kwa heshima zote, "Kaka, kumbe unafundisha udereva, mimi nilidhani unalinda gereza." Yule bwana alicheka mpaka akaegemea boneti, na tangu siku hiyo hapeleki gari kwingine.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niombe kuandika. Bosi, najua ni wewe unayeisoma karatasi hii mbele ya watu. Usisimame hapa. Soma hadi mwisho ndipo uniangalie.

Mwezi wangu wa kwanza hapa nilikuwa wa kujaribiwa. Mwanangu wa mwisho alikuwa na miezi mitano, nyumbani hakuna mwingine wa kututegemeza. Likaja gari la mwalimu wa kwaya. Mzee alifunga spika mpya, mimi nikawamba kitambaa kwenye mlango ukiwa bado wazi, kava halijarudishwa. Kesho yake gari likarudi, mlango unalia kama nyuki kwenye kopo, tena kwenye noti za chini tu. Likakazwa skrubu, likaondoka, likarudi tena. Mara ya tatu Bosi alisema kwa sauti kwamba aliyefanya uzembe huo atafungasha vitu vyake siku hiyo hiyo.

Mzee akafungua kava, akaingiza mkono ndani ya mlango hadi kwenye kiwiko. Nikamwona amepapasa kitu. Mkono ukatoka umefumbwa, ukaenda moja kwa moja mfukoni. Akamwambia Bosi, "Ni mimi. Niliacha waya haujafungwa, ulikuwa unagonga chuma." Hakufukuzwa, lakini alifokewa mbele yetu sote, akapewa ufagio afagie gereji wiki nzima, mtu wa miaka kumi na saba kazini.

Saa ya chai alipita kwangu akifagia, akaweka kitu juu ya cherehani. Ilikuwa bobini yangu, kile kigurudumu cha chuma cha kuzungushia uzi, imedondokea ndani ya ule mlango kutoka mfuko wa aproni nisijue. Akasema, "Mama, hii haijui kuimba. Ibaki kushona." Akaendelea na ufagio wake. Hajalitaja tena hadi leo. Mimi kila mwaka nilisema nitasema, kila mwaka woga ukanishika. Kitu pekee nilichoweza ni kumkatia sponji. Kila asubuhi alikuta vipande mezani, vimekatwa sawasawa kwa mkasi wangu mzuri. Bosi, waya ule ulikuwa umefungwa vizuri. Uzembe ulikuwa wangu.

Mzee wetu, sasa nasema na wewe. Kigari chako kimekaa miaka yote na spika moja inayokoroma, ukisema jioni masikio yamechoka. Jana wifi aliziiba funguo zako akatuletea. Tumekufungia spika nne mpya, sponji nimekata mimi. Tulipomaliza, mpiga rangi aliinua kidole kama wewe, tukanyamaza. Yeye anasema kimya kabisa. Fundi umeme anasema kuna kitu mlango wa nyuma, kushoto. Mimi nikakimbilia cherehani. Nimehesabu bobini zangu mara tatu, zote tisa zipo.

Asante kwa milango yote uliyoituliza, na kwa ule mmoja. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na siku nyingi za kubebeshwa wajukuu. Jioni uvae sweta, kifua chako nakijua. Ukifika nyumbani inua kidole, wifi na pacha wanyamaze, usikilize vizuri. Halafu tuletee jibu upesi, leo leo, hata kwa kumtuma mtoto apige simu. Mlango ukilia, Jumatatu uje tuufungue pamoja. Usipolia, uje tu.