Mama Timazi na Gari Lililokula Matairi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama umempakata mtoto, mpakate vizuri, maana hadithi ya leo ina kasi.

Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye mafundi wote walimwita Mama Timazi. Alikuwa fundi wa kunyoosha magurudumu. Nasema tena: fundi wa kunyoosha magurudumu, kuyafanya yatazame mbele na yasimame sawasawa, kwa miaka thelathini na sita. Na magari aliyoyapenda kuliko yote ni yale ya mashindano, yale mafupi, yanayotembea kana kwamba yanataka kulamba lami.

Mama Timazi ametutoka Jumanne iliyopita, akiwa na umri wa miaka sabini na moja. Alifariki kitandani kwake, binti yake akiwa amemshika mkono. Na huyo binti alipotupigia simu, alituomba jambo moja tu. Alisema, "Msimsimulie mama kwa sauti ya matanga. Msimulieni kama siku ile ya mashindano."

Sawa, binti yetu. Tutamsimulia hivyo.

Baba yake Mama Timazi alikuwa mwashi. Wasikilizaji wangu mnaijua timazi: kile kidude cha chuma kinachoning'inia kwenye uzi, kinachomwambia mwashi kama ukuta umesimama wima au umelala. Basi huyu mtoto hakutaka mwanasesere wala nini. Alitaka timazi ya baba yake. Mdogo wake, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu wanane, alitusimulia huku akicheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja.

"Dada alipima milango. Alipima kabati. Siku moja alimpima babu yetu, amesimama zake uani. Akamwambia, 'Babu, umelalia kushoto.' Babu akamjibu, 'Si mimi, mjukuu wangu. Ni goti.'"

Utoto ukapita. Alipata mtoto mmoja, wa kike, na akamlea peke yake. Akapata kazi kwenye gereji kubwa. Lakini hakuajiriwa kama fundi. Aliajiriwa kufagia, na kubeba matairi yaliyochakaa kuyapeleka nyuma, uani, kwenye lundo.

Sasa hapo kwenye lundo ndipo aliposomea. Kila tairi alilolibeba alilipapasa kwanza. Akagundua kwamba kuna matairi ambayo ukipitisha kiganja kwenda mbele ni laini, ukikirudisha yanakukwaruza kama msumeno. Akagundua mengine yamechakaa upande mmoja tu: nje nywele tele, ndani kipara. Akawa anatoka uani anakwenda kulitazama gari lenyewe. Linasimamaje? Magurudumu yake yanatazama mbele sawasawa, au yanatazamana kama miguu ya mtoto anayeanza kutembea? Limesimama wima, au limelala?

Miaka sita, wasikilizaji wapendwa. Miaka sita anafagia na anasoma.

Siku moja akajikaza, akamfuata mkuu wa mafundi. Akamwomba ajifunze kazi ya kunyoosha magurudumu. Mkuu wa mafundi akamtazama, akamwuliza, "Mama, kwani ufagio wako una kosa gani?" Gereji nzima ikacheka. Naye akacheka nao, lakini kwa meno tu.

Ndipo akatokea daktari wa meno.

Huyu alikuwa mtu mkubwa, mpole, mwenye mikono laini, na alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: mashindano ya magari. Alikuwa na gari jekundu, dogo, jepesi. Na pale kwenye mashindano yao kulikuwa na sheria moja ngumu. Kila gari lilipewa matairi manne. Manne tu, kuanzia bendera ya kwanza hadi bendera ya mwisho, mizunguko sitini. Tairi likipasuka, au likilika hadi nyaya zikaonekana, unatoka.

Daktari alikuwa ametoka mara mbili. Mwaka wa kwanza, mzunguko wa thelathini na tatu. Mwaka wa pili, mzunguko wa thelathini. Mara zote mbili tairi lilelile: la mbele, upande wa dereva, upande wa ndani. Kipara.

Mkuu wa mafundi aliliweka gari lile kwenye mashine mpya ya kupimia, yenye kioo na taa. Mashine ikasema kijani. Kila gurudumu kijani. Daktari akaenda kulijaribu, na baada ya siku chache akarudi amelibeba tairi kifuani kama anampeleka mtoto kliniki.

"Fundi, hili lina wiki moja tu. Litazame."

"Mashine inasema kijani, Daktari. Labda ni uendeshaji wako."

Mama Timazi alikuwa pembeni, anafagia. Akauinua uso. Akasema, "Bosi, mnalipima likiwa tupu. Linapokimbia lina mtu ndani."

Vijana wakaacha spana zao, wakamgeukia.

Mkuu wa mafundi hakuwa mtu mbaya. Lakini aliguswa pabaya, mbele ya mteja, mbele ya vijana wake. Akamwambia, "Haya. Zimebaki wiki mbili. Lipime wewe. Likimaliza mashindano kwa matairi manne, utavaa ovaroli, na sehemu ya kupimia magurudumu itakuwa yako. Lisipomaliza, utafute gereji nyingine."

Wasikilizaji wapendwa, mtoto wake ndiyo kwanza alikuwa ameanza darasa la kwanza. Kazi ya kufagia ilikuwa ndogo, lakini ndiyo iliyowalisha wote wawili. Mama Timazi akauegemeza ufagio ukutani. Akasema, "Nimekubali."

Vifaa vyake vilikuwa hivi: uzi wa mwashi, vyuma vinne vya kusimamishia uzi huo, rula ya shule ya binti yake, na timazi ya marehemu baba yake. Akavuta uzi huku na huku kandokando ya gari, sambamba kabisa. Akapima kwa rula kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha hadi ukingo wa nyuma. Vipimo viwili vikitofautiana, gurudumu halitazami mbele. Akaining'iniza timazi juu ya gurudumu, akaona limelala kiasi gani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu mama aliinama kweli, siku nzima, magoti kwenye sakafu.

Na dereva je? Daktari alikuwa na wagonjwa wake. Mama Timazi akampigia simu.

"Daktari, una kilo ngapi?"

"Tisini."

"Tisini kamili?"

"Mama, mimi ni daktari. Najua kilo zangu. Tisini."

Akapima mchanga kwenye mizani ya gereji, kilo tisini kamili. Akaujaza kwenye magunia, akayakalisha kwenye kiti cha dereva, akayafunga na mkanda. Akanyoosha magurudumu. Daktari akalichukua gari, akakimbia mizunguko ishirini ya majaribio, akarudi. Wote wakainama kulitazama lile tairi.

Limelika. Kidogo kuliko mwanzo, lakini limelika, upande uleule wa ndani.

Mkuu wa mafundi aliuchukua ufagio pale ukutani, akausogeza karibu na Mama Timazi. Binti yake anasema mama yake hakuisahau sauti ya ule ufagio ukigusa sakafu.

Lakini siku ile daktari alikuwa amekuja na mkewe. Mke wa daktari akawa anazungukazunguka, akayaona yale magunia.

"Mama, mchanga huu wa nini? Mnajenga?"

Mama Timazi, pamoja na uchungu wake, akamjibu, "Huo si mchanga, dada yangu. Huyo ni mume wako. Kilo tisini."

Basi, wasikilizaji, mke wa daktari alicheka. Alicheka hadi akashika boneti. "Tisini? Hizo tisini alikuwa nazo siku ya harusi yetu! Nimezaa watoto watatu, na kila mimba yangu ni yeye aliyenenepa!" Kisha akaita, "Baba watoto! Hebu njoo huku useme ukweli mbele ya mafundi."

"Mke wangu, hayo ni mambo ya nyumbani."

"Panda mizani."

Akapanda. Mizani ikasema kilo mia moja na kumi na nane. Mia moja na kumi na nane! Kilo ishirini na nane zilikuwa zinakwenda mashindanoni bila kupimwa, zote juu ya springi laini za upande mmoja. Gari likishazibeba, upande wa dereva unashuka, gurudumu la mbele linalalia ndani, tairi linaliwa. Na mashine ya taa za kijani haikuwa imesema uongo. Iliulizwa habari za gari tupu, ikajibu habari za gari tupu.

Mama Timazi hakumcheka daktari. Alisema tu, "Daktari, leo huondoki. Vaa viatu vyako vya mashindano, vaa kofia yako, ingia ukae."

Akamkalisha kwa saa tatu nzima. Baada ya saa ya kwanza daktari akaanza kujinyoosha. "Mama, mgongo. Nitoke kidogo?"

"Wewe ukiwa unang'oa jino, mgonjwa anatoka kidogo?"

Mafundi wakaangua kicheko, na safari hii walicheka upande wake. Kila alipolegeza nati na kuikaza, aliwaomba walisukume gari mbele na kulirudisha nyuma, likae lenyewe, ndipo apime tena. Robo mzunguko wa spana. Pima. Nusu ya robo. Pima. Jioni ilipoingia akafunga uzi wake, akasema, "Sasa linasimama likiwa na mtu wake."

Siku ya mashindano binti yake alikuwapo. Alikuwa na miaka saba. Anatuambia, "Mimi sikuangalia magari. Nilimwangalia mama. Alikuwa anahesabu mizunguko kwa midomo, bila sauti."

Mzunguko wa ishirini, gari jekundu lipo. Mzunguko wa thelathini, pale lilipotolewa mwaka uliopita, lipo! Thelathini na tatu, lipo! Magari mengine yakaanza kupepesuka kwenye kona, matairi yamechoka, madereva wanapunguza mwendo. Daktari wetu hapunguzi. Arobaini, anampita mmoja. Arobaini na nane, anampita mwingine. Mke wake amepanda juu ya benchi na viatu mkononi, anaita, "Kilo zote hizo, baba watoto! Njoo nazo zote!"

Mzunguko wa sitini. Bendera. Gari jekundu la tatu, kati ya magari kumi na tisa. La tatu! Kwa matairi yake manne!

Lakini kwa Mama Timazi shughuli ilikuwa haijaisha. Alikwenda moja kwa moja kwenye lile gurudumu la mbele. Mkuu wa mafundi alikuwa amemtangulia, amepiga goti, ana kipimo cha kina cha tairi mkononi. Akakiingiza kwenye mfereji wa nje wa tairi.

"Milimita tatu," akasema.

Katikati. "Tatu."

Akanyoosha mkono hadi ndani, kule kwenye kipara cha miaka miwili. Akakitoa kipimo, akakifuta kwa shati lake, akapima tena. Kisha akamtazama yule mama aliyekuwa amesimama nyuma yake, na gereji yake yote ikisikia, akasema:

"Tatu."

Akasimama. "Mama, unavaa ovaroli saizi gani?"

"Kubwa, bosi," akajibu. "Nataka nafasi ya kuinama."

Na tangu siku ile akaitwa Mama Timazi. Miaka thelathini na sita, hadi mwaka jana, sehemu ile ya kupimia ilikuwa yake. Alijifunza kutumia mashine vilevile, na aliipenda, ila gari la mashindano halikuondoka mikononi mwake kabla dereva hajakaa ndani. Amefundisha mafundi zaidi ya arobaini. Mkuu wa mafundi wa wakati ule yu hai, mzee sana sasa, na juzi alituambia hivi kwa simu: "Mimi nilikuwa na mashine. Yeye alikuwa na miaka sita ya kutazama. Nilichelewa kumwuliza, na hilo nimewaambia wanangu wote."

Kwa binti yake, ambaye leo ni mwalimu wa hesabu. Kwa mdogo wake, na wajukuu. Kwa mafundi wote aliowalea. Poleni sana. Tunalia pamoja nanyi, na tunajivuna pamoja nanyi. Mungu ampumzishe mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza, nakuomba ufikirie kitu kimoja. Pale unapofanya kazi, au pale nyumbani kwako, yupo mtu anayeyaona mambo kila siku na hakuna aliyewahi kumwuliza anaona nini. Unamjua. Sura yake imekujia sasa hivi. Kesho asubuhi mfuate, umwite kwa heshima, umwulize. Kisha unyamaze, umsikilize hadi amalize.