Bwana Tone, Mama Mkwe na Rangi ya Zambarau

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika idara yetu ya maji, Bwana Tone anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Jina la kwenye cheti mnalijua. Hili tulimpa sisi, kwa sababu hajawahi kupita karibu na bomba linalovuja asisimame. Aliwahi kuchelewa harusi ya dada yake akikaza bomba la jirani wa ukumbi, akaingia suruali imelowa mpaka magotini, na maelezo aliyoyatoa hayakuaminiwa na mtu.

Alianza kama mchora ramani, enzi za karatasi. Siku moja alimwaga chai juu ya ramani, akaifuta kwa kiwiko, akaendelea na kazi. Wiki iliyofuata mafundi wakatoka na gari kwenda kupima bwawa jipya upande wa mashariki. Walizunguka mchana kutwa, wakarudi na vumbi na hasira. Bwawa lilikuwa chai, tena ya maziwa. Tangu hapo ni marufuku kuingia na kikombe chumba cha ramani, na anayeivunja marufuku hiyo mpaka leo ni yeye peke yake.

Ramani zilipohamia mtandaoni, wengi tulidhani mzee kafika mwisho wa reli. Wapi! Kweli, mwezi wa kwanza aliichapisha ramani nzima kipande kwa kipande, akaibandika ukutani, idara ikakaa bila karatasi. Lakini baada ya hapo hakushikika. Ni yeye aliyetuunganishia kwenye skrini moja mabomba yanapopita, nyumba zilivyobanana, umbali ambao watu wanatembea kufuata maji, na majibu ya wananchi kuhusu kipato chao. Mtaa wenye kipato kidogo na maji ya mbali unapakwa rangi ya zambarau, na ukishapakwa unatangulia kupata bomba kwa bei nafuu. Ramani iko wazi kwa kila mwenye simu, na wananchi wanapewa mwezi mmoja wa kuandika maoni kabla mkurugenzi hajaifunga.

Hapo ndipo bwana wetu alipojikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Mwaka wa kwanza tu, mtaa wa mama mkwe wake ukatoka zambarau.

Mama huyo ni fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, na heshima yake ameipiga pasi kuliko sare zote. Shemeji mmoja asiyeweza kukaa na neno tumboni akamtumia picha ya ramani. Lo! Yaani mkwe, aliyepewa binti kwa heshima zote, ndiye anayewatangaza mafukara dunia nzima? Wiki haikuisha, maoni yakamiminika: sisi si maskini, tuna mapazia, njooni muone makochi yetu. Mmoja aliambatanisha picha ya kabati la vyombo.

Mkurugenzi akasoma, akakuna kichwa, akaamua: kama wenyewe hawataki, rangi iondolewe na bomba liende mtaa mwingine. Maoni yangefungwa Jumatatu, na baada ya hapo hakuna kubadilisha.

Sisi ofisini tulicheka, mwenzetu hakucheka. Alijua mtaa ule unafuata maji kisimani, bondeni, kwa njia ya utelezi. Alijua pia, kupitia kwa mkewe, kwamba mama mwenyewe alianguka na ndoo akaumia goti, halafu akawaambia majirani mguu ulikuwa umekufa ganzi. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nani wa kumwambia hivyo mama mkwe? Alikwenda kumbembeleza, akapewa kiti cha plastiki barazani, akajibiwa kwamba nyumba hii haina shida na mtu.

Basi Jumamosi asubuhi akatokea mtaani na madumu mawili, shati la ofisini, tai shingoni. Akamwamkia mama kwa adabu, akasema kwa kuwa shida haipo, yeye amekuja tu kumpunguzia kazi ndogo ndogo. Akateremka bondeni, akapanga foleni na akina mama. Jamani, mkwe! Mkwe na tai yake, dumu begani, maji yanamchuruzika mgongoni, na kila anayepishana naye anampa pole! Akajaza pipa la mama, akahamia la jirani. Mama akamsihi aache. Akasema ni wajibu wake. Mama akamwita binti yake aje amwondoe mumewe. Binti alikuwa nyuma ya pazia, hajiwezi kwa kicheko. Jumapili akarudi, na tai nyingine.

Bwana Tone anaapa mpaka leo kwamba hakuwa na hila yoyote. Sisi tunamheshimu sana, ila hatumwamini.

Jumapili jioni yakaingia maoni ya mama, nayo tumeyahifadhi: "Mtaa wetu una shida ya maji, na pesa za kuvuta bomba hatuna. Mimi mwenyewe nilianguka nikaficha. Iacheni rangi yenu. Na huyu mkwe wangu msimruhusu tena kuja na madumu, watu wanapoteza adabu." Nyuma yake ukafuata mtaa mzima, hata mwenye kabati.

Bomba lilifika mwaka uliofuata. Siku ya kulifungua, mkurugenzi alihutubia mpaka watoto wakalala, kisha mama akaombwa aseme neno. Miaka yote alikuwa akimtambulisha Bwana Tone kama mume wa binti yake. Siku hiyo alimshika mkono mbele ya umati, akasema huyu ni mwanangu, na binti yangu akimsumbua, kwangu asije kulalamika. Bwana Tone, ambaye maneno hayajawahi kumwishia, alikwenda nyuma ya tangi, akarudi macho mekundu, akadai maji yamemrukia. Hakuna aliyembishia.

Tangu hapo mitaa mingi imetoka kwenye zambarau kwa jitihada zake, na magoti mengi yamepona. Tunamshukuru kwa moyo wote, yeye na mkewe aliyetuazima mume. Bwana Tone, tunakupenda. Mungu akupe umri mrefu, afya, na usingizi mzito wa asubuhi. Na Jumatatu ukijisahau ukaja kazini, hatutakufukuza.