Nelly Akoru Losike, Aliyepima Dawa Ndani ya Damu

KUH: KUREJESHWA KWA KOTI MOJA JEUPE LA MAABARA, MALI YA UMMA, LILILOKUWA MIKONONI MWA MTUMISHI ALIYEFARIKI. Barua hii, ndugu waombolezaji, ilifika hapa Lodwar Ijumaa asubuhi, mwili wa dada yetu ukiwa bado Kakuma, ikiwa na mihuri miwili na pole hata moja hakuna, na familia inapenda kumjulisha mwandishi wake, ambaye namwona pale chini ya hema, kwamba koti limefuliwa, limepigwa pasi, na vifungo vyote vipo. Ejok, hamjambo nyote. Mimi ni Aukot, kakake marehemu, nimeambiwa nisome, ingawa ninachosoma bado sijakiamini.

Nelly alizaliwa tarehe 12 Machi 1987 huko Kaikor, akasoma shule ya msingi hukohuko, akamaliza sekondari hapa Lodwar mwaka wa 2005, kisha akaenda Nairobi kusomea kazi ya maabara, akahitimu mwaka wa 2010, na akarudi, jambo lililowashangaza wengi.

Tarehe 14 Agosti 2014 aliolewa na Bwana Cheruiyot, karani wa kaunti, ambaye wazee wetu walimdai ngamia, naye akaapa kwamba kwao Kericho mnyama huyo hajawahi kuonekana, wakapatana ng'ombe, na Mungu akawajalia Ejore mwaka wa 2015 na Chepkirui mwaka wa 2018.

Kuanzia 2019 alikuwa katika utafiti wa dawa ya uvimbe wa maji, ule unaokaa kwenye ini miaka na miaka bila kuuma, tunaoambukizwa na mbwa wetu, na kazi yake ilikuwa hii: mgonjwa anameza tembe, Nelly anamtoa damu kidogo, anangoja, anamtoa tena, na daktari akimpasua mgonjwa, Nelly anapewa maji ya uvimbe ayapime, ijulikane dawa imefika ndani au imeishia njiani. Mama Abei wa Kakuma, ambaye yuko nasi hapa, alimwambia siku ya kwanza, "Mnatutoboa kama ng'ombe," naye Nelly akajibu, "Ng'ombe akitolewa damu shingoni asubuhi, jioni si anakwenda kisimani? Lete mkono, mama," na Mama Abei akasema, "Ng'ombe hana pa kutorokea," lakini mkono akautoa. Kwa kuwa dawa hiyo huingia vizuri kwenye damu ikifuatana na mafuta, Nelly aliwapelekea wagonjwa mafuta ya kondoo, na ofisi, hiyohiyo inayodai koti, ikamwandikia mara tatu ikitaka kujua kondoo ni kifaa cha maabara cha aina gani.

Kuhusu ugonjwa, familia haina cha kusoma. Jumanne alicheka nami kwa simu, Jumatano, tarehe 4 Juni 2025, akafariki Kakuma.

Tangu siku hiyo maneno yamekuwa mengi, kwamba dawa alizopima zimemwingia, kwamba damu za watu zimemdai, na matokeo yake Mama Abei na wenzake wameacha kumeza tembe, na uvimbe wao haungoji matanga yaishe. Mama Abei, usiondoke kabla sijamaliza.

Tunawashukuru madaktari wa Kakuma waliomhangaikia mpaka jasho likawatoka, majirani waliopika, wenzake wa maabara waliomleta, na hata ofisi, kwa hema. Lala, dada, umechoka.

Lakini daktari aliyeuchunguza mwili amesema niwasomee alichokikuta, na sasa mama yetu amekubali. Nelly aliwapeleka mamia ya watu wakapigwe picha ya tumbo, na yeye akiambiwa aende alisema wenye foleni kwanza, kwa hiyo hakupigwa. Jumatano aliteleza akishuka kwenye gari, ubavu wa kulia ukagonga sanduku la barafu, akainuka akicheka, kisha akaanza kujikuna, uso ukavimba, pumzi ikakata. Alikuwa na uvimbe wa maji kwenye ini, ulipasuka alipoanguka, maji yake yakaingia kwenye damu, mwili ukayapinga kwa ukali kama sumu, yakamuua, na ile dawa hakuwahi kuimeza.