Bi. Atupakisye Mwangoka, Aliyewauliza Marubani Wameona Nini

Leo, Alhamisi tarehe 30 Juni 2005, Bi. Atupakisye Mwangoka anakabidhi ufunguo wa chumba cha simu ya upepo cha Mashamba ya Chai Itekele, baada ya miaka thelathini na saba ya utumishi. Wengi wetu tunamwita Mama Asajile, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Marubani wanamwita Itekele, kana kwamba shamba zima ni yeye mmoja.

Mimi niliyeombwa kuandika wasifu huu ni Dickson wa idara ya usafirishaji. Nimefanya naye kazi miaka kumi na mmoja, na kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mbele ya watu. Nitalifikia.

Mama Asajile aliajiriwa mwaka 1968 kama mpiga chapa. Chumba cha pili kutoka kwake alikaa marehemu Mzee Ezron, aliyekuwa akizungumza na ndege zinazotua kwenye uwanja wetu wa nyasi. Mzee Ezron alimfundisha simu ya upepo wakati wa mapumziko ya chai, na somo lenyewe halikuwa refu: toka nje, tazama pande zote nne, kisha mwambie rubani unachokiona, si unachokitamani. Mzee alipostaafu mwaka 1979, mpiga chapa akahamia kwenye kiti chake na hakutoka tena.

Marubani wa miaka hiyo wana habari zake. Kwanza, hakuna aliyepewa hali ya hewa kabla ya kusalimiwa. "Ugonile," Mama angesema, na rubani, atake asitake, angeitikia. Wazungu wawili watatu waliondoka nchini wakiwa hawajui neno jingine lolote la Kinyakyusa ila hilo na "ndaga", yaani asante. Pili, aliwajua ng'ombe wote wa majirani waliozoea kulisha uwanjani, kila mmoja na mwenyewe. Siku moja aliizungusha ndege hewani mara nne huku akimweleza rubani kwa upole, "Vumilia kidogo, ng'ombe wa Mzee Abrahamu anatoka. Ana mimba, hawezi kukimbia." Rubani aliposhuka aliomba kuonyeshwa huyo ng'ombe.

Mwaka 1998 shamba lilitoka mikononi mwa shirika la umma likachukuliwa na kampuni. Ofisini tulikuwa kumi na mmoja, tukabaki wanne. Chumba cha simu ya upepo kiliandikwa kwenye orodha ya vitu vya kufungwa, lakini wenye mali wapya walipenda kuja kwa ndege, wao na mafundi wao na wanunuzi wao, na kila aliyekuja alikuta kuna mama mmoja tu anayeweza kumwambia rubani kama mlima unaonekana. Chumba chake kikafutwa kwenye orodha bila barua wala mkutano.

Kompyuta ilifika mwaka 2002. Makao makuu yakaagiza kwamba taarifa zote za hali ya hewa kwa ajili ya safari zichukuliwe kwenye intaneti. Mama Asajile alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba. Simon wa uhasibu alimfundisha kushika kipanya, na kwa siku mbili za kwanza alikiinua juu kama pasi kila alipotaka mshale upande. Intaneti yenyewe ilipita kwenye laini moja ya simu ya ofisi, kwa hiyo akiingia yeye, hakuna aliyeweza kupiga wala kupigiwa. Meneja wa kiwanda alikuja kulalamika mara kadhaa. Mwishowe Simon alining'iniza kadi mlangoni: MAMA YUKO HEWANI. Ikiwa imetundikwa, tulijua kwamba tungoje.

Alichokuta huko hewani kilimfurahisha kama mtoto. Kulikuwa na taarifa za uwanja wa Mbeya, zikiwa zimeandikwa kwa vifupisho ambavyo alivinakili kwenye daftari akavijua vyote ndani ya mwezi. Kulikuwa na picha za mawingu. Lakini kilichomkamata ni kurasa ambazo marubani wenyewe waliandika walichokutana nacho angani: hapa wingu limeanza kwenye futi kadhaa, pale hewa imetikisa ndege, kule kuna barafu kwenye mabawa. Mtu aliyepita njia anamwambia anayefuata. Zilikuwa maelfu, kutoka Amerika na Ulaya. Akaandika Tukuyu. Hakuna. Akaandika Rungwe, akaandika Mbeya, akaandika Nyasa. Hakuna kitu.

"Dickson," aliniambia siku ile, "ina maana huku kwetu marubani hawaoni?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliandika barua pepe, ya kwanza maishani mwake, akaituma kwa marubani sita ambao anwani zao alizipata. Iliuliza mambo matatu: umepita wapi na saa ngapi, wingu umelikuta wapi, na je, ndege imetikisika? Wa kwanza kujibu alikuwa Kapteni Andrea wa Mbeya, kwa mstari mmoja tu: "Nimepita Isongole saa mbili, mawingu kidogo, shwari, ndaga." Mama aliuchapa mstari huo akaubandika ukutani. Baada ya miezi mitatu marubani tisa walikuwa wakimwandikia au kumwambia kwa simu ya upepo wakiwa juu, naye kila siku saa tatu asubuhi aliwatumia wote ukurasa mmoja wenye maneno ya kila mmoja wao. Makao makuu hayakuwa yameuagiza, na sisi wengine tuliuona kama mchezo wa mtu mzima aliyegundua kompyuta.

Sasa nimefikia lile jambo langu.

Jumatano tarehe 9 Aprili 2003, Lukasi, dereva wetu wa lori la majani mabichi, aliteleza juu ya lori akifunga turubai, akaangukia kichwa. Hospitali walisema anahitaji kupasuliwa Dar es Salaam, kwamba barabara ya kwenda Mbeya ingemtikisa vibaya, na kwamba asingoje kupita saa tisa alasiri. Kapteni Andrea alikuwa tayari Mbeya, ndege imejazwa mafuta. Ilikuwa saa nne asubuhi. Lukasi tulishamleta uwanjani ndani ya gari la wagonjwa, yeye na daktari, na mkewe Hellen alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini.

Kompyuta ilionyesha Mbeya kweupe, upepo mdogo. Uwanjani kwetu mawingu yalikuwa mepesi, mwisho wa uwanja unaonekana. Huku sawa, kule sawa. Lakini Mama alikuwa na ripoti moja ya nusu saa iliyopita, ya rubani aliyejaribu kupita kati ya milima juu ya Isongole, kwenye njia ya kutoka Mbeya, akageuza: wingu limeshuka hadi kwenye miti. Alimsomea Kapteni Andrea kwa simu ya upepo, neno kwa neno.

"Mama, ungekuwa wewe?" Andrea aliuliza.

"Mimi nisingekuja. Subiri kwanza."

Meneja wetu wa wakati ule alikuwa amesimama mlangoni. "Bi. Mwangoka, kompyuta inasema kweupe."

"Inasema kweupe Mbeya, bwana meneja. Katikati haijui. Aliyepita katikati ndiye huyu."

Meneja alitoka. Mimi sikutoka. Lukasi alikuwa dereva wangu na rafiki yangu, na nilisema maneno ambayo ningependa kuyarudisha. Nilisema, "Mama, Lukasi akifa, ujue ni woga wako."

Aliniangalia kidogo. "Kaa chini, Dickson. Nisaidie kusikiliza."

Tukakaa. Aliita kwenye simu ya upepo ndege yoyote iliyo upande wa ziwa, akangoja, akaita tena. Kila baada ya muda alitoka nje kutazama, kisha alipita ukumbini. Mara moja nilimsikia Hellen akimwuliza, "Mama Asajile, ndege inakuja?"

"Haiji sasa, mwanangu. Itakuja njia ikifunguka."

"Na isipofunguka?"

Mama alikaa naye pale kwenye benchi akimshika mkono, mpaka redio ilipokoroma akarudi mbio, mama wa miaka hamsini na nane, viatu mkononi.

Ilikuwa saa sita na robo. Rubani mmoja aliyetoka Songea alikuwa juu ya Matema, na alikuwa mmoja wa wale tisa. Hakungoja hata kuulizwa maswali matatu. Alisema ziwa liko wazi, bonde la Kyela liko wazi, na kutoka alipo anaona mashamba ya chai, wingu limeinuka juu yake vya kutosha. Mama akamwita Andrea: usipite Isongole, zunguka magharibi, shuka Kyela, panda kwetu kutokea kusini. Saa saba na dakika ishirini ndege ilitua. Saa saba na nusu ilikuwa imeondoka na Lukasi, kwa njia ile ile iliyokuja nayo.

Lukasi alirudi mwezi Agosti. Mkono wake wa kushoto haukupona vizuri na haendeshi tena. Yuko kwenye kitalu cha miche, na leo yuko hapa pamoja na Hellen. Wiki iliyofuata meneja aliomba ule ukurasa wa saa tatu ubandikwe pia ofisini kwake.

Baadaye nilimwuliza Mama kama alikuwa na hakika. Alikuwa akifuta skrini kwa kanga yake. "Labda Andrea angepita," alisema. "Sijui, na sitajua. Nilimnyima Hellen saa tatu na nusu kwa kitu nisichokiona kwa macho yangu. Hilo nitaishi nalo." Halafu akaniuliza kama nimekula. Wala hakuwahi kunikumbusha nilichomwambia, siku ile wala siku nyingine yoyote. Mama Asajile, nisamehe. Nilipaswa kulisema neno hili miaka miwili iliyopita, na nilipaswa kulisema kwa sauti ile ile niliyotumia kukutukana.

Leo ukurasa wa saa tatu unakwenda kwa marubani ishirini na sita, kuanzia Songea hadi Sumbawanga. Tangu Februari anauandaa pamoja na Anosisye, binti anayechukua nafasi yake, ambaye anajua kompyuta kuliko sote na ambaye bado anarudishwa nje kila asubuhi kutazama pande nne. Anasema salamu ndiyo iliyomchukua muda mrefu zaidi kujifunza.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Itekele, wa shambani, kiwandani na ofisini, tunakushukuru, Mama. Nyumba yako ya Makandana iwe na amani, migomba yako izae, wajukuu wasikuchoshe sana, na afya ikae nawe siku nyingi.

Jambo la mwisho ni la kutangaza. Tumegundua wiki hii, kwa aibu, kwamba katika miaka thelathini na saba Mama Asajile hajawahi kupanda ndege. Kesho saa mbili asubuhi Kapteni Andrea atamchukua hapa uwanjani, wapite Isongole, wazunguke mlima, washuke hadi ziwani na kurudi. Mama amekubali kwa sharti moja: Anosisye amwulize yale maswali matatu akiwa bado juu, na majibu yake yaingie kwenye ukurasa wa saa tatu, pamoja na ya marubani wengine.