Mama Costancia, Aliyeupindisha Mtaa Wetu

Marehemu Mama Costancia Rafaeli alizaliwa Vidunda tarehe 3 Machi 1926, mtoto wa pili wa Mzee Rafaeli na Mama Magreti. Nyumba yao ilikuwa mlimani, ambako ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka, na hata uzeeni alipenda kusema kwamba amezaliwa ndani ya wingu.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Huko alijifunza kuimba sauti ya pili, akaiimba kanisani mpaka pumzi ilipoanza kumwishia.

Mwaka 1945 alifunga ndoa na Bwana Kornelio Tomasi, mkata mkonge, wakateremka pamoja hadi shamba moja karibu na Kilosa. Mama Costancia aliajiriwa kuanika singa, yaani nyuzi za mkonge. Walikaa kambini, bondeni, kila familia chumba kimoja, na kila masika maji yaliingia hadi chini ya vitanda. Homa ya masika ya 1957 ilimchukua binti yao Lea, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Alizikwa kwenye mwinuko nyuma ya kambi, walikolala watoto wengi wa wakata mkonge, bila misalaba, bila majina.

Mwaka 1969, shamba likiwa limekwisha kuwa mali ya umma, halmashauri iliahidi kuleta saruji na mabati endapo wakazi wangefyatua matofali na kuchimba misingi wenyewe. Hakuna aliyezikataa nyumba. Lakini ardhi kavu ilikuwa moja tu, ule mwinuko, na afisa wa halmashauri alisema wasipoafikiana vifaa vitapelekwa kwingine.

Mkutanoni alisimama Yeremia, mtani wake wa miaka mingi, ambaye naye alikuwa na mtoto pale.

"Ninyi watu wa milimani mkiona kilima tu mnataka kupanda. Tukasonge ugali juu ya watoto?"

Watu walicheka.

"Hatujengi juu yao, mtani," Mama Costancia alijibu. "Kila mama aje aoneshe alipo wa kwake. Lakini hawa waliobaki, tuwaache majini mpaka lini?"

Yeremia alifikiri. "Basi asizikwe mtu mwingine pale. Tena kamwe."

Kila mtu kambini alijua Mama Costancia alitamani kulala kando ya Lea. Mkono wake ndio uliotangulia kunyooshwa kukubali sharti hilo.

Kesho yake akina mama walipanda, kila mmoja akasimama mahali pake. Mpimaji, kijana wa mjini, alikuwa amekwisha kuvuta kamba.

"Shikamoo, mama. Lakini hivi nyumba zitapinda."

"Marahaba, mwanangu. Sogeza kamba. Sisi tutalala ndani, hatutalala kwenye mstari."

Ndiyo maana mtaa wetu haukunyooka. Familia zilihamia mwaka 1971. Masika ya mwaka uliofuata yaliviangusha vyumba vya bondeni, na hapakuwa na mtu ndani.

Bwana Kornelio alitangulia mbele ya haki mwaka 1974. Mwishoni mwa 1977 Mama alianza kuvimba miguu, na madaktari wakasema ni moyo. Watoto wake walikwenda kuomba ruhusa azikwe mwinukoni. Baraza la mtaa lilikubali, na Yeremia mwenyewe alikuja kumpa habari kitandani.

"Umeruhusiwa, mtani. Kwa jeuri yako tu."

"Rudini mkawaambie hapana. Nikilala pale mimi, kesho ataomba mwingine, na mtoto wa mtu atakosa pa kujenga. Nipelekeni makaburi ya kanisani."

"Na Lea?"

"Lea ana majirani."

Alifariki hospitalini Kilosa alfajiri ya tarehe 14 Agosti 1978. Leo tunamzika hapa kanisani, kama alivyotaka, ingawa wengi wetu tulitaka vingine.

Ameacha watoto watatu, Thadeo, Fausta na Odilia, wajukuu tisa, mdogo wake Stefano aliyeko Vidunda, na mtani wake Yeremia, aliyeomba jina lake liandikwe pamoja na ya ndugu.

Bwana ampe makao ya kudumu, alale kwa amani.